Tukienda Pugu kwa Miguu



Kila mwaka Kwaresima inapokaribia, chumba chetu cha kufungia vidonda hupata wageni wasio wagonjwa. Ni akina mama wa jumuiya ndogo ndogo, vijana wa kwaya na wazee wa vyama vya kitume. Wanatoka Kariakoo, Gerezani, Ilala na Mchikichini, nao huomba kitu kimoja: "dawa ya miguu", kwa sababu parokia yao imepanga kwenda hija Pugu kwa kutembea.

Tunawajibu kila mara kwamba dawa ya kumeza ili miguu isichoke haipo. Baadhi yao hununua vidonge vya maumivu duka la dawa na kuvimeza kabla ya kuondoka. Vidonge hivyo havizuii lengelenge wala kidonda. Vinaficha maumivu ambayo yangemwambia mtu kwamba mguu wake umeanza kuharibika. Tena vingine, kama diklofenaki na ibuprofeni, vikimezwa na mtu mwenye njaa na aliyepungukiwa na maji, vinaweza kumwumiza tumbo na figo.

Kwa hiyo mwezi huu tumeona tuieleze safari yenyewe, kuanzia Kariakoo hadi Pugu, na kwa wale wanaoendelea, hadi Kisarawe. Tutaeleza pia kosa ambalo sisi wauguzi tulilifanya njiani, ili lisirudiwe na kamati za afya za parokia nyingine.

Safari ni ya urefu gani?

Kutoka Kariakoo hadi Pugu ni kilometa kama 20, na hadi mji wa Kisarawe ni kama 30. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilometa 4 au 5 kwa saa. Lakini kundi lenye watoto, wazee, rozari na nyimbo haliendi mwendo huo. Likienda kilometa 3 kwa saa limejitahidi. Basi kundi likiondoka saa kumi alfajiri, litafika Pugu kama saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali. Likiondoka saa kumi na mbili, kama tulivyoona parokia fulani ikifanya kwa sababu ya kusubiri waliochelewa, litafika saa saba mchana, na kipande cha kupanda mlima litakipanda saa ya joto kuliko zote. Waliochelewa wapande daladala wawakute wenzao njiani.

Sehemu kubwa ya njia ni tambarare. Mwinuko unaanza baada ya Gongo la Mboto, pale miguu imeshachoka, na vilima vya Pugu na Kisarawe hufikia mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo wenye shinikizo la damu na wenye pumu hutambua kwamba safari bado.

Yafaa watoto waelezwe kwa nini tunakwenda Pugu, maana wengine hudhani ni matembezi tu. Wamisionari Wabenediktini kutoka St. Ottilien, Ujerumani, walifungua misheni hapo mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, misheni ilishambuliwa, na mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Miaka mingi baadaye, Mwalimu Julius Nyerere alifundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko hapo Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955, na wazee wa Kariakoo husimulia kwamba alikuwa akishuka mjini kwa miguu kuhudhuria shughuli za TANU. Kwa hiyo njia hii imekwisha kukanyagwa na wengi kabla yetu.

Na Kariakoo yenyewe ina jina la watu wa miguu. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi wao wa kikosi cha Carrier Corps walipiga kambi mahali hapo, na jina likageuka likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba chakula na risasi vichwani kwa mamia ya kilometa. Waliokufa kwa maradhi, hasa kuhara damu, walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Maji mabaya, chakula kibaya, miguu yenye vidonda na uchovu: hayo ndiyo yaliyowamaliza. Hija ya siku moja si vita, lakini mambo tunayoyatibu baada ya hija ni yale yale.

Barabara au bondeni?

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kufuata Barabara ya Nyerere, ambayo wazee wengi bado wanaiita Pugu Road: Kamata, TAZARA, Kipawa, Uwanja wa Ndege, Banana, Ukonga, Gongo la Mboto, kisha Pugu. Hatari yake ni magari na bodaboda. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea afuate upande wa kulia, ayaone yanayokuja mbele yake. Alfajiri kabla hapajapambazuka, wa mbele na wa nyuma kabisa wavae nguo nyeupe na washike tochi. Kitenge cha hija cha rangi ya zambarau kinapendeza kanisani, lakini gizani dereva hakioni. Na reli ya kisasa imewekewa uzio. Tusivuke kwa kupenya, tuvuke kwenye vivuko tu.

Njia ya pili ni ya bondeni. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kumwaga maji baharini kwenye Daraja la Selander, kwa hiyo anayeufuata kwenda juu atafika Pugu. Si njia moja iliyochongwa, bali ni vichochoro na vijia vinavyoungana: Mchikichini, Kigogo, Tabata, Vingunguti, Segerea, Kinyerezi, na kuendelea. Chini mjini ni nyumba zilizobanana na bustani za mchicha. Ukipanda juu unaanza kukuta mihogo, minazi na mikorosho, kuku barazani na watoto wanaosalimia "shikamoo" hata kabla hujawafikia. Tunakiri kwamba njia hii inapendeza kuliko barabara. Hakuna moshi, kuna kivuli, na mtu husikia rozari anayoisali.

Hata hivyo sisi tunasema wazi: wakati wa Kwaresima msipite bondeni. Kwaresima huangukia kati ya Februari na Aprili, na masika huanza Machi. Mwezi Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande. Mto huu hujaa ghafla, kwa sababu mvua ikinyesha Pugu na Kisarawe, maji yanateremka Kigogo hata kama hapo Kigogo jua linawaka. Kivuko cha mawe mlichokipita juma lililopita kinaweza kuwa kaburi leo.

Pamoja na mafuriko, kuna maji yenyewe. Msimbazi hupokea majitaka ya nyumba na viwanda, na kule Vingunguti kuna machinjio na mabwawa ya majitaka. Mwenye mchubuko mguuni akikanyaga maji hayo, au matope yaliyobaki baada ya mafuriko, anakaribisha vijidudu moja kwa moja kwenye nyama. Kuna kichocho, kinachoingia kwa kupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Kuna safura, inayopenya nyayo za wanaotembea pekupeku. Na kuna ugonjwa ambao wengi waliusikia mara ya kwanza mwaka 2022 ulipotokea mkoani Lindi, ule ulioitwa homa ya mgunda. Huo huletwa na mkojo wa wanyama, hasa panya, ukiwa umechanganyika na maji au tope, na huingia kupitia michubuko, macho na mdomo. Homa, maumivu makali ya misuli ya ndama za miguu na macho mekundu siku chache baada ya kukanyaga maji machafu si jambo la kungoja. Mgonjwa aende hospitali na aseme wazi kwamba alikanyaga maji hayo.

Familia zinazopenda kutembea kwa ajili ya afya tu, bila hija, zinaweza kupita juu ya bonde, kuanzia Kinyerezi kwenda Pugu, wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, wakiwa na viatu vilivyofunika vidole na wakivuka kwenye madaraja. Wanaotaka kuendelea hadi Kisarawe kupitia Msitu wa Pugu waelewe kwamba ni msitu wa hifadhi. Waingie kwa kupita getini na kuongozwa. Vijana nao waache tabia ya kuingia kwenye mapango ya machimbo ya zamani kule Pugu ili kuwaona popo. Vumbi la kinyesi cha popo lina vimelea vya ukungu vinavyoweza kuugua mapafuni.

Mama wa dagaa

Sasa tueleze kosa letu. Miaka michache iliyopita tulifuatana na mahujaji wa parokia moja ya mjini. Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa limejaa: pamba, shashi, bendeji, plasta, dawa ya kusafishia vidonda. Miongoni mwa mahujaji alikuwamo mama mmoja muuza dagaa sokoni Kariakoo, umri wake miaka hamsini na kitu, mwenye kisukari. Alikuwa akimeza vidonge vyake vizuri, na kadi yake ya kliniki ilikuwa safi. Kwa heshima ya hija alikuwa amenunua viatu vipya vya plastiki siku iliyotangulia, vya kubana kidogo, maana viatu vya ukubwa wake vilikuwa vimekwisha.

Tulipopumzika Uwanja wa Ndege tulipita kwa kila mtu. Tulipomfikia tukamwuliza, "Mama, miguu inauma?" Akajibu, "Haiumi hata kidogo, sista, namshukuru Mungu." Tukamsifu, tukamwendea mwingine aliyekuwa akilalamika. Tulipopumzika tena Ukonga ikawa vivyo hivyo. Kule Gongo la Mboto mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekuwa akitembea nyuma yake, ndiye aliyesema, "Bibi, kiatu chako kinatoa damu."

Tulipomvua kiatu tulikuta ngozi ya pembeni mwa kidole gumba na kidole kidogo imechubuka yote hadi nyama nyekundu. Hakuwa amedanganya. Hakusikia kweli. Tulimsafisha, tukamfunga, tukamwambia aje hospitali kesho yake. Hakuja. Ilikuwa msimu wa biashara, na kwa kuwa kidonda hakikuuma, alikiona ni kidogo. Nyumbani walikuwa wakikipaka unga wa majani waliyopewa na jirani. Alikuja siku ya tisa, kidole kidogo kikiwa cheusi na harufu imeshaanza. Alipoteza vidole viwili.

Sisi tulikuwa tumemwuliza swali lisilomfaa. Kisukari cha miaka mingi huua taratibu mishipa ya fahamu ya miguu, ikaingia ganzi, na pia huziba mishipa ya damu, hivyo kidonda hakipati damu ya kukiponya. Mtu kama huyo ukimwuliza kama anaumwa, atasema haumwi. Tangu siku ile, katika kila hija tunayofuatana nayo, hatuulizi tena. Tunasema: "Vueni viatu tuone." Wote wanavua, mwenye kisukari na asiye nacho, padre pamoja na waumini. Mwanzoni baadhi ya wazee waliona haya. Sasa wamezoea.

Namna ya kupima ganzi nyumbani

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji chombo chochote, na mtoto wa darasa la tano anaweza kumfanyia bibi yake. Mgonjwa alale au akae amenyoosha miguu, bila soksi, afumbe macho. Anayempima aguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi kama unyoya, kwa muda wa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asikune, asigonge. Aguse kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole kidogo cha mguu huo huo. Halafu kidole gumba cha kushoto na kidole kidogo cha kushoto. Mwisho kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Jumla ni vidole sita. Kila anaposikia kuguswa, mgonjwa aseme "kulia" au "kushoto". Asiposema, usirudie kugusa. Hesabu kwamba hakusikia.

Akikosa viwili au zaidi kati ya vile sita, miguu yake ina ganzi. Mtu huyo asiende Pugu kwa miguu kabla ya kuonana na mganga, na hata asipokwenda popote, ayachunguze miguu yake kila jioni kwa macho au kwa kutumia kioo, maana kijiwe kidogo ndani ya kiatu chaweza kumtoboa bila kujua.

Viatu na malengelenge

Lengelenge hutokea ngozi inaposuguliwa ikiwa na joto na unyevu. Ndiyo maana kiatu kipya ni adui. Kiatu cha hija kiwe kimevaliwa walau majuma mawili, kwenda sokoni na kurudi. Kisizidi kubana: jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Si lazima kiwe cha bei kubwa. Raba za mitumba za pale Karume zinafaa sana ikiwa soli haijakatika ndani. Ingiza mkono upapase kama kuna mshono au msumari uliojitokeza. Ndala hazifai, kwa sababu vidole hufanya kazi ya kuzishika njia nzima. Katambuga ni imara, na waliozizoea tangu utoto hatuwakatazi, ila mwenye kisukari hapana, maana mikanda yake hukata.

Soksi ziwe jozi mbili, za kubadilisha njiani zinapolowa jasho. Ziwe nyeupe, ili damu au usaha uonekane upesi. Kucha zikatwe siku tatu kabla, zikatwe sawa bila kuzungusha pembeni.

Lengelenge dogo lisilouma sana lisitobolewe. Lifunikwe kwa shashi safi na plasta. Kubwa, lililo mahali pa kukanyagia, linaweza kutobolewa pembeni na muuguzi kwa sindano safi baada ya kunawa kwa sabuni, maji yatoke, na ngozi iachwe pale pale kama kifuniko. Wengi huichuna ngozi hiyo. Wakiichuna, wanabaki na kidonda kibichi. Mwenye kisukari asitoboe kamwe, wala asitobolewe na jirani.

Kufunga, kumeza dawa na kukomunika

Hapa tunawaomba makatekista watusaidie, kwa sababu waumini huwasikiliza kuliko sisi. Kila mwaka tunakutana na mtu aliyeacha dawa za shinikizo la damu au kisukari "kwa sababu nimefunga", naye ametembea kilometa kumi juani.

Sheria ya Kanisa haimtaki afanye hivyo. Siku zinazoamriwa kufunga ni mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na Kanuni ya 1252 inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wa 60. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo. Na kuhusu Komunyo, Kanuni ya 919 inaagiza kujizuia chakula na kinywaji kwa saa moja tu kabla ya kukomunika, isipokuwa maji na dawa. Maji hayavunji kitu. Dawa haivunji kitu. Wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowahudumia, wanaweza kukomunika hata kama wamekula ndani ya saa hiyo. Tunaandika haya kwa kirefu kwa sababu tumewahi kumwona mzee akikataa maji kwenye ngazi za kanisa huku midomo imempasuka.

Mwenye kumeza glibenklamaidi au kuchoma insulini yumo katika hatari ya pekee. Kutembea peke yake hushusha sukari. Akitembea na njaa, sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kisha kuongea ovyo kama mlevi. Mpeni mara moja vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au soda ya kawaida. Ngojeni dakika 15. Asipopata nafuu, rudieni. Akipata nafuu, ale ndizi au mkate. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali. Wiki moja kabla ya hija aende kliniki aulize kama kipimo cha dawa kipunguzwe siku hiyo. Asijipangie mwenyewe.

Wa shinikizo la damu wamezeje? Kama kawaida. Wanaotumia dawa za kukojoza waulize kliniki wanywe maji kiasi gani, kwa kuwa wanapoteza maji kwa njia mbili, mkojo na jasho.

Maji na chakula

Februari na Machi ni miezi ya joto kali Dar es Salaam, na hewa yake ina unyevu, kwa hiyo jasho halikauki upesi na mwili haupoi. Kunywa kidogo kidogo, kama nusu lita kwa saa, usingoje kiu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, umechelewa. Mtu akiacha kutoka jasho, ngozi ikawa ya moto na akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni hatari ya kufa: mlazeni kivulini, mpunguzeni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea huku mkitafuta gari. Msimwache hapo mkidhani amechoka.

Maji yatoke nyumbani, yakiwa yamechemshwa au kutiwa dawa. Wengi wetu tunayakumbuka maji ya kandoro, yale ya kwenye vifuko, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Vifuko vimeondoka, lakini chupa zilizookotwa na kujazwa upya bado zinauzwa njiani. Angalia kifuniko kama kimekwisha kufunguliwa. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi kilipita kwenye maji na mikono ya namna hiyo. Njiani kula kinachomenywa na wewe mwenyewe au kinachotoka motoni: ndizi, chungwa zima, muhogo wa kuchoma, hindi la kuchoma, yai la kuchemsha. Tikiti na papai lililokwisha kukatwa na kukaliwa na nzi, liache. Juisi ya miwa yenye barafu, iache pia, tunajua ni vigumu.

Anayeanza kuhara njiani apewe dawa ya chumvichumvi ya pakiti. Kama haipo, korogeni lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visiwe na kilima. Msikosee mkazidisha chumvi.

Baada ya kurudi

Jioni watu huloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi. Kwa mwenye miguu mizima si vibaya. Mwenye kisukari asiloweke. Tumetibu miguu iliyoungua kwa sababu mwenye nayo hakusikia joto. Aioshe kwa maji ya vuguvugu, mtu mwingine akiyapima kwanza kwa kiwiko, kisha akaushe vizuri kati ya vidole.

Kwa muda wa siku saba, miguu iangaliwe kila siku. Wekundu unaopanda, uvimbe, usaha, harufu, weusi, au homa: siku hiyo hiyo hospitali, hata kama hakuna maumivu, na hata kama ni Jumapili. Asiyekumbuka lini alichomwa sindano ya pepopunda aje nayo hiyo tuizungumze.

Yule mama wa dagaa alirudi sokoni. Mwaka uliofuata alitaka kwenda tena, na wanawe walikuja kutuomba tumkataze. Hatukumkataza. Tulikubaliana apande basi hadi Gongo la Mboto, atembee kipande cha mwisho tu, akiwa na raba pana na soksi nyeupe, na sukari yake ikiwa imepimwa asubuhi. Tulipofika Pugu na kundi kubwa nyuma yake, tulimkuta amekaa juu ya jiwe chini ya mwembe. Viatu alikuwa ameshavivua, na mjukuu wake amepiga magoti mbele yake akimhesabia vidole vinane.